Mwaka Ambao Mjomba Aliacha Bugali

Tulimzika Mzee Mateso mvua zilipoanza. Kwenye matanga yake pale Bunia, wakati wa kugawa chakula, msichana mmoja alisimama kwenye mlango wa jikoni akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Batu ya sukari ni banani?" Mikono ya wenye ugonjwa wa sukari ikainuka huku na huku chini ya hema la plastiki, wangu ukiwemo. Nililetewa samaki wa ziwani, mchicha tunaouita lenga-lenga na kipande cha avoka, bila bugali, bila wali, bila ndizi za kupika. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Mwanamume aliyekaa kando yangu, mwenye mlima wa bugali mbele yake, aliniuliza tu kama nimezoea, nikamwambia mtu hazoei, anaacha tu kulalamika. Akacheka, tukaendelea kula. Nilikuwa nimefika katikati ya samaki nilipotambua kwamba niko katika kiwanja kile kile ambako mjomba wangu Kristofe alikataa bugali mbele ya watu, na kwamba mwenyeji wa siku ile alikuwa huyu tuliyetoka kumzika. Mjomba alikufa kabla mwaka ule haujaisha. Nataka kuueleza kwa utaratibu, kwa sababu tuliobaki tunaoukumbuka ni wachache, na kwa sababu wale vijana waliokuwa wakigawa sahani wanadhani mambo yalikuwa mepesi hivi siku zote.

Vita vilikuwa vimeisha, au ndivyo redio ilivyosema. Askari wa kofia za buluu walipita barabarani na magari yao meupe, vumbi jekundu likitua juu ya nguo tulizoanika, na watu waliokuwa wamekimbilia upande wa Fataki na upande wa Irumu walikuwa wakirudi kidogo kidogo. Kila aliyerudi alianza kwa kusimama mbele ya nyumba yake na kuangalia kilichobaki. Kuta zilikuwepo mara nyingi. Milango haikuwepo. Kwa hiyo mjomba, aliyekuwa fundi wa mbao katika mtaa wa Mbunya, hakukosa kazi mwaka ule. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza shule na sina pa kwenda, nikilala katika sebule yake katikati ya milango ambayo haijakamilika, imeegemezwa ukutani pande zote hata dirisha lilifunikwa nusu. Asubuhi nguo zangu zilinuka mbao za Mambasa. Wateja walikaa kwenye benchi pale mlangoni, nami nikiwa napepeta mchele au napiga pasi nilisikia yote. Walizungumza juu ya vipimo, bawaba na kufuli. Sikumsikia hata mmoja akiuliza mlango wake wa zamani aliuchukua nani. Kabila lilikuwa halitajwi kwa jina katika nyumba ile. Ilikuwa ni "siye" na "bale", na kila mtu alielewa. Siku nyingine siye na bale walikaa kwenye benchi moja, kila mmoja akiangalia mbao zake.

Mwanzoni mwa mwaka patasi ilimponyoka mjomba ikamwangukia juu ya mguu. Kidonda kilikuwa kidogo, akakifunga kitambaa akaendelea na kazi. Kikakataa kufunga. Mama Estera, mke wake, alikiosha kwa maji ya chumvi, kisha kwa majani aliyopewa na mwanamke wa kanisani, na kila kitambaa kilipofunguliwa harufu ilikuwa mbaya kuliko ya jana. Ndipo akampeleka kwenye kituo cha afya, nami nikaenda kumbebea kiti, maana hakuweza kusimama kwenye foleni. Munganga alikuwa mtu mwembamba ambaye hakukimbia wakati wa vita, na uso wake ulikuwa wa mtu anayengoja kuamshwa. Alipima mkojo, akapima damu, akatuambia ni sukari. Mjomba alisema yeye hapendi vitu vitamu, chai anakunywa chungu. Munganga akaeleza kwa subira kwamba sukari haiko ndani ya sukari peke yake. Bugali ikifika tumboni inageuka sukari, iwe ya mihogo au ya mahindi. Wali vilevile, na mkate, na ndizi za kupika, na viazi vya aina zote. Vidonge vilikuwa vinafika na ndege au kwa barabara, na barabara tuliijua. Kwa hiyo dawa ya kutegemea ni sahani. Mama Estera alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo wanawake wote wa Bunia wangeuliza: basi huyu mtu atakula nini? Munganga akamjibu kwamba atakula kile ambacho watu wengine wanakula pamoja na bugali, isipokuwa bila bugali.

Leo jibu hilo halinishtui. Wakati ule lilikuwa kama kumwambia mtu avae mikono ya shati bila shati. Mtu aliyekula nyama na sombe ya majani ya mihogo na maharage lakini hakugusa bugali, ukimuuliza, atakuambia kwamba leo hajala. Lakini Mama Estera alikuwa mwanamke wa mpango. Siku iliyofuata alipanga jiko upya: upande wa mlangoni akaweka gunia la unga wa mihogo na ndizi, upande wa dirishani akaweka chakula cha mume wake, akatukataza kuchanganya hata mwiko. Alijifunza kununua kwa namna nyingine. Samaki wa ziwani kutoka Kasenyi akiwa bado anateleza, dagaa wakavu, mayai, biringanya, kabeji, lenga-lenga nyingi kwa sababu ikiiva inabaki kidogo, uyoga siku wanawake walipotoka nao msituni, utumbo wa mbuzi aliouosha kwa ndimu mpaka mikono yake ikachubuka. Sombe aliipika na mafuta ya mawese na karanga za kusaga, nzito kiasi kwamba kijiko kilisimama. Maharage alimpimia kidogo kwa kikombe cha chai. Mjomba alikula yote hayo kwa utii, akimaliza anakaa anaangalia sahani tupu kama mtu anayengoja chakula kiletwe. Aliniambia kwamba tumbo limejaa lakini mdomo una njaa. Siku za kwanza alitoka nje tulipokuwa tunasonga, akaenda kupiga randa mbao ambazo hazikuhitaji randa, ili asisikie harufu.

Habari kama hiyo haifichiki kwenye avenyu ambako nyumba hazina milango. Wateja walimtania. Mmoja alisema Papa Kristofe amekuwa mzungu, anakula majani na kuhesabu mayai. Mwingine, mwanamke mnene aliyekuja kuagiza dirisha, alisimama akamtazama akila lenga-lenga na samaki akasema, "Papa, weye unakula sawa mbuzi, na bado uko na meno ya batu." Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Aliweza kucheka kwa sababu ilikuwa inafanya kazi. Kabla ya msimu wa kiangazi kufika katikati, kidonda kilianza kukauka kwenye kingo, kikawa chekundu badala ya kijivu. Mama Estera alinionyesha kitambaa cha siku hiyo, kikavu karibu chote, kama mtu anayeonyesha cheti. Mjomba alikonda, akafunga suruali kwa kamba, lakini alisimama kwenye meza yake ya kazi kutwa nzima.

Wakati huo Mzee Mateso akarudi. Alikuwa jirani yetu kabla ya vita, nyumba mbili kutoka kwetu, na alikuwa wa bale. Alirudi na mke wake Rebeka na watoto wakubwa, wote wamechakaa kwa njia, akaagiza milango yote kwa mjomba. Mjomba alimtengenezea kabla ya wengine. Niliwaona wakiibeba pamoja, Mzee Mateso mbele na mjomba nyuma akichechemea, na sikusikia neno lolote likipita kati yao isipokuwa "kushoto" na "polepole". Ndipo wazee wa avenyu, wa pande zote mbili, walipokubaliana kwamba kila Jumapili baada ya ibada wanaume watakula pamoja nyumbani kwa mmoja wao, kwa zamu. Halikuwa jambo la furaha. Wakati wa vita watu wengi sana walisemekana wamekufa kwa sumu, visima vilisemwa, pombe ilisemwa, na ilibidi watu wafundishwe tena kuingiza mkono katika sahani ya mwingine. Desturi ilikuwa hii: bugali inawekwa katikati, moja tu, kubwa. Mwenyeji anamega wa kwanza, anameza, watu wanaona. Kisha kila mgeni anamega kutoka kwenye mlima ule ule. Mchuzi na nyama ni mambo ya pembeni. Kila mtu ana bakuli lake au anachovya anapopenda. Ahadi iko kwenye bugali.

Zamu ya Mzee Mateso ilipofika, nilikuwa na wanawake jikoni kwa Mama Rebeka, na kutoka pale mlangoni niliwaona wanaume wote wamekaa kwenye mikeka kiwanjani. Mzee Mateso alimega, akameza. Sahani ikazunguka. Ilipofika kwa mjomba, akaweka mkono wake wa kulia juu ya kifua akasema kwa heshima kwamba asamehewe, ana ugonjwa wa sukari, munganga amemkataza bugali, atakula samaki na sombe na atashukuru. Akachukua kichwa cha samaki, sehemu ya heshima, akaanza kukila. Nadhani aliamini kwamba amelimaliza. Mwana mkubwa wa Mzee Mateso ndiye aliyeuliza, akitazama wengine na siyo mjomba, sukari iko wapi ndani ya bugali ya mihogo, mihogo ambayo tunailoweka siku nyingi kwa sababu ya uchungu wake. Mtu mmoja akacheka kidogo. Mjomba akaanza kueleza jinsi inavyogeuka tumboni, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama uongo, hata mimi niliyekuwepo mbele ya munganga nilisikia hivyo. Mzee Mateso hakupandisha sauti.

"Kristofe," alisema, "unaogopa nini mu nyumba yangu?"

"Siogope kitu, muzee. Ni maladi ya sukari."

"Siye wote tumekula. Angalia. Tuko bazima."

Samaki alitoka katika sufuria ile ile iliyopikwa na mikono ile ile, na mtu mwenye nia ya kuua angeweza kumtia sumu samaki. Hakuna aliyelifikiria hilo. Mara nyingi, katika kazi yangu ya baadaye ya kuuliza watu maswali na kuandika majibu yao, nimekutana na jambo la namna hiyo: watu hawakosi ushahidi, wanaangalia mahali ambapo desturi imewafundisha kuangalia. Wanaume walimaliza kula haraka. Mama Rebeka alichukua sahani mkononi mwangu bila kunitazama.

Kesho yake hakuja mteja. Keshokutwa alikuja mmoja wa kwetu, siyo kuagiza, bali kumpongeza mjomba kwa sauti ya chini kwamba amewaonyesha bale kuwa hatujasahau. Mjomba alimfukuza, lakini niliona kwamba pongezi ile ilimwogopesha kuliko hasira. Kwa upande wa pili maneno yalikuwa yamekwenda mbele zaidi. Ilisemwa kwamba mtu asiyetaka kula nawe anajua kitu ambacho kiko njiani kukujia. Ilisemwa kwamba watu wetu wameambizana. Wiki hiyo hiyo redio ikatangaza kwamba vijiji vimechomwa upande wa Fataki, na watu wakaanza kuingia mjini wakiwa na magodoro vichwani. Nilimwona Mama Rebeka akifunga vyombo katika kitenge mchana kweupe. Mama Estera naye akatoa sanduku chini ya kitanda. Nyumba mbili zilikuwa zikijitayarisha kukimbiana, na kila moja ilichukua maandalizi ya mwenzake kuwa ushahidi. Vijana walisimama kwenye makutano ya avenyu, wa huku huku na wa kule kule, bila kufanya chochote. Mama Estera alitaka kumwita munganga aje aeleze mbele ya wote. Mjomba akamkumbusha kwamba munganga yule ni wa upande wetu.

Mazungumzo yao ya mwisho juu ya jambo hilo niliyasikia kupitia mlango ambao haujawekwa ubao wa kati. Ilikuwa Jumapili asubuhi, mjomba akivaa shati lake la kanisani, na zamu ya siku hiyo ilikuwa ya mzee mwingine wa bale.

"Ule muguu ulikuwa unapona, Kristofe."

"Najua."

"Basi kaa nyumba. Sema uko mugonjwa."

"Nilisema niko mugonjwa. Balisikia nini?"

Mama Estera alisema kitu ambacho sikukishika, kisha kwa sauti zaidi kwamba bugali itamuua.

"Bugali inaua polepole, Estera. Ile ingine haingoje."

Akaenda, akala. Walionieleza walisema mwenyeji alipomega, mjomba hakungoja sahani izunguke. Aliingiza mkono akatoa tonge kubwa, akatafuna mdomo wazi karibu, kama mtu anayemwonyesha daktari ulimi. Munganga alikuwa amesema tonge dogo mara moja moja halitamwangusha. Lakini tonge dogo ndilo analokula mtu anayeshuku. Ilibidi ale kama mwenye njaa, na baya zaidi ni kwamba alikuwa na njaa kweli. Miezi yote ile ya lenga-lenga ilikuwa imemngoja pale. Aliporudi aliketi kwenye benchi akalala akiwa amekaa. Wateja wakarudi wiki hiyo. Mama Rebeka akatuma mtoto kuazima kinu chetu, ambacho hakukihitaji, nasi tukafahamu kwamba kitenge kimefunguliwa.

Nilidhani itakuwa mara moja. Haikuwa, kwa sababu sasa kila nyumba ilitaka kumwona anakula. Akienda kwenye ubatizo, walimwekea yeye bugali mbele. Akipita tu kupima dirisha, mwanamke wa nyumba aliharakisha kusonga, akasimama na mwiko mkononi kumwangalia. Hawakuwa wakimchukia. Walikuwa wakihitaji kuona koo lake likimeza, kama vile wengine wanavyohitaji kusikia redio kabla ya kulala. Upande wa Fataki mambo yalichafuka zaidi, barabara ikafungwa, vidonge vikaisha kwenye kituo cha afya, na kadiri habari zilivyokuwa mbaya ndivyo matonge yalivyokuwa makubwa. Nyumbani Mama Estera aliendelea kumpikia upande wa dirishani, sombe na mayai na samaki, akijaribu kuokoa kwa siku sita alichoharibu mjomba siku ya saba, kisha siku nne, kisha mbili. Kidonda kikarudi kijivu. Kidole kidogo cha mguu kikawa cheusi, na baada yake kile cha pili. Mjomba alifunga mguu kwa mfuko wa nailoni ndani ya kiatu cha mpira, ili asinuke mbele ya watu anaokula nao.

Avenyu yetu haikuchomwa mwaka ule. Nimeulizwa na wajukuu wake kama ni kwa sababu yake, nami sijui. Avenyu nyingine ambazo hazikuwa na Jumapili wala mjomba hazikuchomwa pia, na moja ambayo watu wake walikula pamoja miezi yote ilichomwa. Ninachoweza kuthibitisha ni kidogo: kwamba alijua anachofanya, na kwamba hakuna mtu aliyemlazimisha kwa neno.

Hospitali walimkata mguu juu ya goti, na jeraha jipya nalo likakataa kufunga. Chumba kilikuwa kirefu, vitanda pande mbili, na kila mgonjwa akilishwa na ndugu zake kutoka kwenye sufuria zilizoletwa kutoka nyumbani. Mzee Mateso alikuja mchana mmoja peke yake, amebeba sufuria iliyofungwa kwa kitenge. Mlangoni muuguzi mmoja alimsimamisha. Alikuwa mwanamke wa kwao, aliongea naye kwa lugha yao, kwa muda, akionyesha sufuria na kuonyesha kitanda chetu. Sikuelewa maneno, lakini niliona uso wa mzee ukibadilika, nikafahamu kwamba sasa ameambiwa na mtu anayemwamini. Alikuja akaketi kwenye kiti nilichompisha. Hakusalimia.

"Ulijua?" aliuliza.

"Nilikuambia siku ya kwanza," alisema mjomba.

"Juu ya nini ukakula?"

Midomo ya mjomba ilikuwa imekauka, nikailowesha kwa kitambaa.

"Ulikuwa unaniangalia mukono," alisema.

Sufuria ilikuwa juu ya magoti ya Mzee Mateso, na nadhani hakujua aiweke wapi, kwa sababu hakuiweka popote. Mama Rebeka alikuwa ameisonga bugali muda si mrefu, mvuke ulipita kwenye kitenge, na harufu yake ikajaa upande wetu wa chumba. Mjomba akageuza uso ukutani. Nilidhani hataki tena kumwona mzee. Nilipoinama kumfunika shuka aliniambia, kwa sauti ndogo ili mgeni asisikie, nimwombe aitoe nje, kwa sababu alikuwa na njaa.